Bibi wa Chumba cha Nyuma

Asubuhi ya kwanza nilifagia mijusi saba.

Saba, jamani. Niliwahesabu kwa sauti huku nimeshika ufagio, maana mwanzo nilidhani watoto wamenifanyia utani. Walikuwa chali sakafuni, matumbo meupe juu, wamekauka.

Mende ndio usiseme. Nilijaza kizoleo.

Na mimi nikacheka. Nikamwita mume wangu, "Baba Jaha, njoo uone, leo wamekwisha wenyewe!"

Mwezi na nusu baadaye nilikuwa nimekaa kwenye sakafu hiyo hiyo, sina hata chozi.

Naitwa Sabiha. Ninayoandika hapa yalitokea mwaka wa tisini na mbili, Dodoma mjini, mitaa ya Majengo. Sijawahi kuyasema yote mahali pamoja. Leo nayasema, na sababu mtaiona.

Nyumba ilikuwa ya urithi. Babu zake mume wangu Swalihu walikuja na misafara enzi hizo za kutembea kwa miguu, wakafika Ugogo wakachoka, wakaoa, wakakaa. Ni ukoo wa kununua na kuuza, damu yao iko sokoni.

Sasa kama hukuishi nyumba za zamani za kwetu, nikueleze kitu kimoja. Ukuta wa chumba na chumba hauendi mpaka kwenye bati. Unaishia usawa wa linta, juu kweupe. Dari hakuna. Ukipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma wanakuombea rehema.

Tulizoea. Siri za nyumba ile zilikuwa za wote.

Nilipoolewa, chumba cha nyuma kilikuwa cha wageni. Kikubwa kuliko vyote, kina kitanda cha chuma na shuka jeupe lililopigwa pasi, na kinafungwa na ufunguo. Akija ndugu wa Kondoa, kinafunguliwa. Akiondoka, kinafungwa. Mimi bibi harusi nilikuwa nafagia tu humo, hata kukaa kitandani sikuthubutu.

Kisha akazaliwa Jaha, mwanangu wa kwanza. Chumba kikawa cha uzazi.

Hapo ndipo alipokuja Bi Joha.

Bi Joha alikuwa shangazi yake Swalihu, mjane wa Hombolo, hakujaliwa mtoto. Alikuja kunikanda maji ya moto na kunipikia uji wa pilipili manga mpaka arobaini iishe. Mikono yake migumu, maneno machache. Arobaini ikaisha, hakuna aliyemwambia aende, na yeye hakuaga.

Akazaliwa Shaban. Akazaliwa Harithi. Chumba cha nyuma kikawa cha Bi Joha na watoto. Yeye kitandani, wao godoroni chini. Mimi na mume wangu chumba chetu cha mbele, raha mustarehe. Miaka minane nililala usingizi wa kutosha nikiwa na watoto watatu. Niambie mwanamke gani amepata hiyo bahati.

Na unadhani nilimshukuru? Nilimzoea.

Halafu ikaja biashara huria.

Zamani mahindi yalikuwa mambo ya serikali. Ukikutwa barabarani na magunia yako unaulizwa maswali mpaka unajuta kuyalima. Ghafla biashara ikafunguliwa. Kila mwenye miguu akakimbilia soko la Kibaigwa. Swalihu alikuwa muuzaji katika duka la ushirika, likafa, akakaa barazani miezi mitatu anaangalia barabara. Siku moja akaamka akasema, "Mama Jaha, na mimi naingia kwenye mahindi."

Mahindi yanataka mahali pa kulala kama mtu.

Akaleta fundi. Chumba cha nyuma kikakatwa katikati kwa tofali. Upande wa kulia ukatobolewa mlango wa kutokea uani, hilo ndilo ghala. Upande wa kushoto wakabaki Bi Joha na watoto, na dirisha moja la mbao ambalo ndilo lilikuwa dirisha pekee la chumba kizima. Ukuta mpya ukaishia usawa wa linta.

Fundi hakukosea. Ndivyo kuta zote za nyumba ile zilivyokuwa.

Na mimi nilikuwa na mimba ya nne. Nikisimama mlangoni pa kile chumba kilichobaki nusu, nilipiga hesabu kimya kimya. Jaha ana miaka minane, Shaban sita, Harithi mitatu, na huyu anakuja. Kitanda cha Bi Joha kilikuwa kinakula nafasi yote. Nilikuwa nimekwishaanza kumtazama kwa jicho ambalo si zuri, na nalisema wazi, sitafuti kujisafisha hapa.

Basi, mijusi wale niliwakuta chumbani mwao, siku mbili baada ya mzigo wa kwanza kuingia ghalani.

Siku ya pili yake Bi Joha alinifuata jikoni. "Sabiha, mwanangu, mle ndani mna hewa nzito. Inanikaba hapa." Akagusa koo.

"Presha hiyo, Shangazi. Tafuna vitunguu vyako."

Alikuwa na presha, na dawa yake ilikuwa kitunguu saumu. Kila siku punje mbili anatafuna kama karanga. Harufu yake ilikuwa harufu ya kitunguu saumu, tangu nimjue.

Akanitazama kidogo, akaondoka.

Asubuhi ya siku iliyofuata Harithi akatapika. Akalala mapajani kwangu, macho mazito, anashika kichwa. Shaban naye analalamika kifua. Nikawapeleka zahanati, wakapimwa kwa macho tu, wakaambiwa malaria. Wakanywa klorokwini, wakawashwa miili, wakapona. Baada ya wiki walikuwa wanakimbizana uani.

Nikasahau.

Swalihu akauza mzigo, akaleta mwingine. Wapagazi waliingia na kutoka, vumbi la mahindi mpaka kwenye vikombe. Na kama utani vile, siku mbili tatu hivi, mijusi tena chini. Paka wa jirani akakutwa amekufa mlangoni mwa ghala, hana jeraha. Kuku wawili waliozoea kulala chini ya mlango huo, chali.

Na watoto wakaanza tena. Kichwa, kutapika, kifua.

Safari hii nikaingia chumbani kwao kuchukua nguo za kufua, nikasimama. Chumba kilinuka kitunguu saumu. Si kidogo. Harufu ilikuwa kwenye mashuka, kwenye godoro, kwenye hewa yenyewe.

Nikamkumbuka Bi Joha na vitunguu vyake.

Nilikuwa na jirani yangu, Evarista, mwenyeji wa Songea, karani katika ofisi moja ya serikali. Mumewe Damas alikuwa ameachishwa kazi katika ile punguza punguza ya wafanyakazi, akaenda kwao tangu Juni kuangalia shamba. Evarista alikuwa peke yake, jioni zote kwangu. Nikamweleza mijusi, paka, kuku, watoto.

Akaweka kikombe chini. "Mama Jaha, hiyo si ya kawaida."

"Najua si ya kawaida."

"Nani anaamka mzima katika chumba hicho?"

Sote wawili tulijua jibu. Bi Joha alikuwa anaamka kabla ya adhana, anachota maji, anafagia uani, mzima kama chuma.

Nikasema moyoni, hapana, Shangazi? Hapana.

Asubuhi yake tunakunywa chai. Bi Joha yuko nje anapembua mchele. Jaha akaacha kitumbua akaniuliza, "Mama, kwa nini Bibi anatubeba?"

"Anawabeba vipi?"

"Tukishalala. Anatubeba mmoja mmoja, anatulaza mlangoni. Halafu anatupungia kanga usoni."

"Kila siku?"

"Siku nyingine. Kabla hujaamka anaturudisha kwenye godoro."

"Anasema nini akiwabeba?"

"Anasoma. Mimi sijui anasoma nini. Amesema tusikwambie, Baba atagomba."

Jamani.

Ukitaka kujua binadamu anavyoamini haraka kitu kinachomfaa, nitazame mimi siku ile. Sikuuliza swali la pili. Sikwenda uani nikasema, "Shangazi, eti unawabeba watoto, kuna nini?" Maneno yasiyozidi kumi. Sikuyasema.

Nilikwenda kwa Evarista.

Evarista akajishika kifua. "Huyo anawachezea wanao. Kwetu wapo. Hana mtoto wake, si ndiyo? Basi."

Mchana Swalihu aliporudi nikamfungia chumbani nikamwambia yote. Kubebwa, kanga, kusoma, harufu. Nikalia. Nikashika tumbo. "Mimi huyu mtoto simzai nyumba moja na yule. Chagua."

Alitazama upande wa uani. Nikadhani anaumia kwa sababu ni shangazi yake aliyemlea.

"Una hakika?" akauliza.

"Muulize Jaha."

Hakumuuliza. Akasema, "Nitampeleka Hombolo kwa kaka yake. Jumapili."

Kwa urahisi ule. Nilishangaa, lakini nilikuwa nimepata nilichokitaka.

Jumapili baada ya adhuhuri, jua kali, upepo wa Dodoma unapiga vumbi. Bi Joha alikuwa na sanduku la bati na mkeka wake, basi. Miaka minane, sanduku moja. Hakuna aliyemwambia sababu, na yeye alikuwa mtu wa kuelewa bila kuambiwa. Watoto wakalia, Harithi akamng'ang'ania kanga mpaka nikamvuta kwa nguvu.

Akanigeukia. "Sabiha, mimi naondoka. Sina neno na wewe. Lakini hawa watoto usiwaache mle. Walaze kwenu."

Nikasema, "Unanitisha?"

"Nakuomba."

"Shangazi, nenda salama."

Akaniangalia kwa namna ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona. Kisha akapanda gari, Swalihu akaweka sanduku, wakaondoka.

Sasa sikiliza akili yangu ilivyofanya kazi. Mchawi kasema watoto wasilale mle. Maana yake nini? Maana yake mle ndimo atakamoshindwa kuwafikia! Anataka niwatoe awapate. Ndivyo nilivyojieleza, na Evarista akasema ndivyo.

Evarista akasema tena, mtu wa namna ile hurudi kupitia dirishani.

Nikamwita fundi. Dirisha likapigwa misumari minne, mmoja kila pembe. Kitanda cha Bi Joha kikatolewa, godoro likasogezwa pale kwenye ukuta mpya. Nikafukiza ubani. Nikatundika pazia jipya la maua. Chumba cha nyuma kikawa cha watoto, rasmi, na nafasi ya mtoto wa nne ikabaki. Nilisimama mlangoni nikafurahi.

Na unajua nini? Watoto walinawiri.

Wiki tatu nzima. Hakuna aliyetapika, hakuna aliyeshika kichwa. Harithi akanenepa mashavu. Mijusi wakarudi ukutani kama zamani.

Nikapata ushahidi wangu. Nilimsema Bi Joha bombani, nilimsema kwenye shughuli za wenzangu, nilimsema kwa watu ambao hata hawakuniuliza. "Mmeona? Katoka yeye, ugonjwa umetoka."

Ghala lilikuwa tupu wiki zile tatu. Hilo sikulitazama. Swalihu alikuwa ameuza mzigo, anasubiri bei ishuke anunue mwingine.

Mwishoni mwa Agosti lori likaja, kubwa kuliko yote. Magunia yakapangwa mpaka yakapita ukuta, ukiingia kwa watoto unaona vichwa vya magunia vinachungulia juu. Swalihu aliingia ghalani peke yake na kifuko, akatoka, akafunga mlango, ufunguo mfukoni. Ilikuwa Jumanne. Watoto waliona magunia yale wakacheka, wakasema kuna watu wanene wanawatazama.

Alhamisi alfajiri Swalihu alikuwa msikitini. Mimi nimeketi kitandani, tumbo zito, natafuta kandambili kwa mguu.

Jaha akasimama mlangoni kwetu. Ameshika ukuta, anayumba.

"Mama," akasema, "Harithi amekataa kuamka."

Sitaandika yaliyofuata. Anayejua anajua. Niseme tu kwamba Jaha na Shaban usiku ule walikuwa wamelala chini ya mlango, pua kwenye uwazi wa chini, na mdogo wao yuko peke yake godoroni pale ukutani. Tulikimbia hospitali na wote watatu. Wawili walitundikiwa dripu. Mmoja aliandikiwa homa kali, akarudi nyumbani amefunikwa.

Tulimzika baada ya alasiri.

Hombolo hatukupeleka taarifa. Nilisema asiambiwe, ataambiwaje aliyefanya? Nilikuwa na hakika kwamba ametufikia. Misumari minne haikutosha.

Siku ya tatu ya msiba, uani kumejaa watu, akaingia Damas, mume wa Evarista. Alikuwa ameshuka na basi la asubuhi kutoka Songea, hata vumbi hajafuta. Akatoa pole, akapewa mkeka karibu na mlango wa ghala.

Damas kabla hajaachishwa kazi alikuwa mtunza ghala la nafaka la umma. Miaka kumi na minne.

Hakukaa. Akainua kichwa, akanusa. Akanusa tena. Akasimama.

"Shemeji Swalihu, ndani humu mna nini?"

"Mahindi."

"Umeyawekea nini?"

Swalihu akasema ameweka dawa ya dumuzi. Mdudu yule alikuwa ametutesa miaka hiyo, anatafuna gunia linabaki unga, wengine walimwita Scania kwa jinsi anavyobeba. Kila mfanyabiashara alitafuta dawa yake.

"Dawa gani? Ya unga au vidonge?"

"Vidonge. Dalali mmoja Kibaigwa kanifungia kwenye gazeti."

"Lini?"

"Jumanne."

Damas akageuza macho polepole, akatazama ukuta wa ghala, akatazama bati, akatazama dirisha lililopigwa misumari. "Na upande huu nani analala?"

Waliokuwa wanakatakata vitunguu waliacha.

"Watoto," nikasema mimi.

Akavua kofia. "Shemeji, ile ni sumu ya hewa. Sisi ghalani tulikuwa tunafunika maturubai, tunaziba kila tundu, tunaweka kibao cha fuvu mlangoni. Wiki nzima hapiti mtu. Hata mlinzi analala mbali. Inanuka kama kitunguu saumu. Inaua panya, inaua mjusi, inaua..."

Akamtazama Jaha.

Biashara huria ilituletea kila kitu mlangoni. Maelezo ya kutumia hayakuja.

Evarista alikuwa amefunika uso kwa kanga. Mimi niliona akilini juu ya kuta za nyumba ile, pale peupe kati ya tofali na bati, mahali nilipopatazama kila siku kwa miaka tisa.

Ndipo Jaha akasema. Alikuwa amekaa ubavuni kwangu, bado dhaifu. "Bibi alisema tukiisikia ile harufu tulale mlangoni. Mimi na Shaban tuliisikia. Harithi alikuwa ameshalala, nikamvuta, nikashindwa."

Mtoto wa miaka minane. Nikashindwa, anasema.

Kila kitu kikageuka kichwani mwangu. Alikuwa anawabeba kuwapeleka kwenye hewa. Alikuwa anawapungia ya kutoka nje. Alikuwa anafungua dirisha lile, dirisha nililolipiga misumari, na kusoma Ayatul Kursi huku anasubiri kukuche.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama chini.

"Alinambia," akasema.

"Nani?"

"Shangazi. Wiki ile ya kwanza. Aliniambia mahindi yangu yana harufu mbaya, watoto wanakabwa." Akakwaruza mkeka kwa kidole. "Nikamwambia mahindi hayo ndiyo yanayomlisha."

Yaani nilipomwambia kwamba Shangazi ni mchawi, mwenzangu alikuwa anajua kuna neno alilosemewa akalipuuza. Hakujua ni sumu, hilo namwamini mpaka kesho. Lakini uchawi ulimfaa yeye kwa biashara, na ulinifaa mimi kwa chumba. Tukakubaliana bila kuongea.

Siku ya nne nilikwenda Hombolo. Mimba ya miezi minane, walinikataza, nikaenda.

Nilimkuta kwa kaka yake, amekaa kivulini nyuma ya nyumba, anabangua karanga. Nikapiga magoti. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba." Akaniangalia macho, akaangalia kaniki ya msiba niliyojifunga. Mkono ukasimama juu ya ungo.

Hakuuliza kumetokea nini. Akauliza, "Yupi?"

Nikainamisha kichwa.

"Yupi, Sabiha?"

"Harithi."

Akasogeza ungo pembeni taratibu, asimwage karanga.

"Alikuwa mzito yule," akasema. "Mgongo ulikuwa unaniuma kwa ajili yake. Nilikuwa nambeba wa mwisho."

Nikalia mpaka nikashika mchanga. Nikamuuliza kitu ambacho sikuwa na haki ya kuuliza. "Shangazi, kwa nini hukupiga kelele? Kwa nini hukutuamsha?"

"Nilisema mara moja kwa mumeo. Nikasema mara moja kwako. Mtu kama mimi akisema mara ya tatu anaambiwa aondoke." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Na nikiondoka, nani angewabeba?"

Miaka zaidi ya thelathini imepita, swali hilo bado nalisikia.

Alikuja kunikanda nilipojifungua, mtoto wa kike, nikampa jina lake. Arobaini ilipoisha safari hii aliaga mwenyewe. Swalihu aliacha mahindi, akawa anauza kanga na mashuka mpaka Mungu alipomchukua. Ukuta ule aliubomoa kwa mikono yake. Chumba cha nyuma hatukukipa kazi tena, kilikaa dirisha wazi, na nyumba tukaja kuiuza.

Sasa niwaambie kwa nini naandika leo.

Leo mimi naishi kwa mwanangu Shaban, hapa hapa Dodoma, Nkuhungu. Nyumba nzuri, ina dari, ina vigae. Nilipofika nilipewa chumba cha wageni. Wajukuu wawili wakahamia kwangu, na mkwe wangu ana mimba ya tatu.

Juzi mchana nilikuwa nakunja nguo nikamsikia ukumbini anaongea na simu. "Mama akienda kwa wifi kidogo, chumba kitatosha. Sasa hivi pamebana mno."

Hakusema vibaya. Ni kweli pamebana. Na mimi ni nani wa kukasirika?

Nimefunga begi langu. Jaha, binti yangu mkubwa, amesema Jumamosi anakuja kunichukua.

Lakini Lulu, mkwe wangu, najua utasoma hapa, maana wewe ndiye uliyeniunga kwenye kundi hili la mtandaoni. Sijaandika ili uniachie chumba. Naondoka kwa moyo mweupe, na nitakuja kukukanda siku ikifika.

Naandika kwa sababu ya lile jiko la mkaa.

Hii baridi ya Juni na Julai huwa unawaingizia watoto wapate joto, unafunga madirisha, unakwenda kulala. Asubuhi unalikuta uani, unadhani dada wa kazi kalitoa. Si yeye. Ni mimi. Kila siku mkishalala nalitoa mimi, nafungua dirisha, nakaa nao mpaka hewa ikae sawa. Moshi huuoni, harufu huisikii, lakini mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua kimya kimya.

Nilikwambia mara moja mwaka jana, ukaniambia, "Mama, kila kitu lazima useme?" Nikaona haya. Nikanyamaza, nikawa nalitoa tu. Mimi, ambaye nilipaswa kujua kuliko wote.

Bi Joha aliogopa kusema mara ya tatu. Mimi nimesema hii ya pili mbele ya watu elfu kumi, unichukie ukitaka.

Na ninyi wengine mliofika mpaka hapa, mimi sina elimu ya kuwafundisha. Familia ikikua vyumba vitabadilika kazi, haiepukiki, na mtu mzima wa nyumba ndiye huhamishwa wa kwanza. Mhamisheni. Ila kabla hajatoka na begi lake kaeni naye chini mumuulize humo chumbani huwa anafanya nini, na mumsikilize mpaka amalize.

Lulu, Jumamosi sitakuwepo. Wavalishe masweta, waongezee blanketi, na jiko libaki nje.